Kusaka Vumbi Lenye Joto Kando ya Nyota Jirani Ukiwa Tanga: Mwongozo Kamili

Kazi hii haitaki darubini. Ukiwa na kompyuta, bando la kawaida na uvumilivu wa kupiga hesabu, unaweza kukaa Chumbageni au Ngamiani ukaitambua nyota iliyozungukwa na vumbi lenye joto, umbali wa miaka nuru mia na zaidi. Vipimo vilishachukuliwa na setilaiti, vikasafishwa, vikawekwa wazi kwa yeyote bila malipo. Kilichobaki ni kujua pa kuvichota, namna ya kuvilinganisha, na juu ya yote namna ya kuyabaini majibu ya uongo. Hiyo sehemu ya mwisho nimeirefusha makusudi. Kupata nyota inayoonekana kuwa na vumbi ni kazi ya jioni moja. Kuhakikisha kwamba vumbi hilo ni lake kweli ndiyo kazi yenyewe.

Tunatafuta nini

Uso wa nyota kama Jua una joto la kama 5,800 K. Mwanga wake mwingi uko kwenye rangi zinazoonekana kwa macho, na ukiingia kwenye infraredi, mionzi isiyoonekana iliyo ng'ambo ya rangi nyekundu, unashuka kwa mteremko unaojulikana vizuri. Sasa izungushie nyota hiyo punje za vumbi, mabaki ya asteroidi na nyotamkia zilizogongana na kusagika. Punje zinameza mwanga wa nyota, zinapata joto, kisha zinautoa tena kama mionzi ya infraredi. Ukiipima nyota hiyo kwenye infraredi utaikuta inang'aa kupita inavyostahili. Nyongeza hiyo tutaiita ziada.

Kujua ziada itajitokeza wapi, tumia kanuni ya Wien: gawa 2,898 kwa joto la kitu katika Kelvini, utapata urefu wa wimbi, katika mikromita, ambapo kitu hicho kinang'aa zaidi. Vumbi la 300 K, ambalo ni nyuzi 27 za kawaida yetu, linang'aa zaidi penye mikromita 9.7. La 150 K, penye 19. La 50 K, lililo mbali na nyota, penye 58. Tunachosaka hapa ni hayo mawili ya kwanza: vumbi lililo katika eneo ambalo kwetu lina sayari za mawe na ukanda wa asteroidi. Vumbi baridi la mbali ni habari nyingine, na kwa setilaiti tutakazotumia halionekani vizuri.

Hapo utaona pia kwa nini darubini ya kununua haisaidii. Hewa yetu ya pwani imejaa mvuke wa maji, na mvuke unameza sehemu kubwa ya mionzi hii. Ile inayopenya inakutana na balaa jingine: bomba la darubini, kioo chake, bati la nyumba na mkono wako mwenyewe vyote viko karibu na 300 K, kwa hiyo vyote vinang'aa penye mikromita 10. Ndiyo maana vituo vikubwa vimepandishwa milimani, kama Paranal kule Chile, mita 2,635 juu ya bahari, na ndiyo maana kazi bora zaidi imefanywa na setilaiti zilizopozwa hadi karibu na sifuri halisi.

Data zinatoka wapi

Setilaiti ya IRAS ilirushwa Januari 1983 ikapima anga katika mikromita 12, 25, 60 na 100. Watafiti wake walikuwa wakiitumia Vega kusawazishia vipimo, maana Vega ndiyo iliyokuwa sifuri ya magnitudi (kipimo cha mng'ao ambacho namba ikipungua nyota inang'aa zaidi) kwa wanaastronomia wote. Wakakuta penye mikromita 60 inang'aa mno. Yaani nyota iliyofanywa mizani ndiyo iliyokuwa na vumbi! Hadi leo sipati kisa kinachofundisha vizuri zaidi kwamba mizani nayo hupimwa. Fomalhaut, Beta Pictoris na Epsilon Eridani zikafuata muda si mrefu.

Spitzer ikafanya kazi kuanzia 2003 hadi 2020, Herschel kuanzia 2009 hadi 2013. Lakini kwa matumizi yetu mfalme ni WISE, iliyorushwa Desemba 2009, kwa sababu ilipima anga lote. Vichujio vyake ni vinne: W1 wa mikromita 3.4, W2 wa 4.6, W3 wa 12 na W4 wa 22. Kipimo cha W4 ni cha mwaka 2010 tu, kwa kuwa kipozeo kiliisha mwaka huo huo. Tutaongeza 2MASS, iliyopima anga lote kati ya 1997 na 2001 katika infraredi ya karibu (J, H na Ks), na setilaiti ya Gaia kwa umbali na mwendo wa nyota.

Yote haya yamo kwenye VizieR, ghala la katalogi za nyota mtandaoni. AllWISE, katalogi ya WISE, ni namba II/328, 2MASS ni II/246, Gaia DR3 ni I/355. Kuchota namba za nyota moja hakuli bando hata kidogo. Kinachokula ni picha, hizo ziachie kifurushi cha usiku. Kwa picha tumia Aladin Lite, inafunguka hata kwenye simu. Kwa majedwali makubwa pakua TOPCAT, ni bure. Hesabu zote zilizomo humu zinawezekana kwenye Excel au LibreOffice.

Hatua ya 1: Chagua nyota

Anza na nyota zilizo ndani ya parseki 75 hivi (parseki moja ni kama miaka nuru 3.26), yaani paralaksi ya Gaia, kule kuyumba kwa nyota kunakoonekana Dunia ikilizunguka Jua, isiyopungua milisekunde 13.3 za tao (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja). Sababu ni mbili. Nyota ya karibu ina mwanga wa kutosha hata kwenye W4, kichujio dhaifu kuliko vyote. Tena Jua letu limo ndani ya uwazi wenye gesi na vumbi haba, kwa hiyo hapa jirani hatusumbuliwi sana na mawingu ya vumbi yaliyotapakaa katikati ya nyota.

Chukua nyota za aina A, F, G na K (kutoka za moto zaidi hadi za baridi, Jua likiwa G) zilizo katika umri wake wa kawaida. Majitu mekundu yaache, yanatema vumbi lao wenyewe na halina uhusiano na sayari. Nyota za aina ya Be ziache pia: gesi yake ya moto inatoa infraredi inayofanana na ziada. Aina M ni ngumu kwa sababu rangi zake hubadilika haraka kutoka nyota hadi nyota, na anayeanza atadanganyika. Kaa mbali na mkanda wa Njia Nyeupe, angalau nyuzi 10 juu au chini yake. Kwa anga la Tanga hiyo inamaanisha kusamehe sehemu tunayoipenda sana usiku wa Julai, lakini W4 huko imejaa uchafu.

Kuna mtego mmoja wa kuchagua: nyota mashuhuri. Vega, Fomalhaut na wenzake zinang'aa kupita uwezo wa vipokezi. Ks ya 2MASS kwa nyota kama hizo huja na kosa la magnitudi 0.2 au zaidi, W1 huanza kujaa kuanzia magnitudi 8.1, W2 kuanzia 6.7. Katalogi hujaribu kuokoa kipimo kwa kutumia kingo za picha, na kwa W1 inafaulu kiasi, ila W2 ya nyota angavu huonyesha mwanga mwingi kuliko uliopo. Mtu asiyejua hili atatangaza ziada ya mikromita 4.6 kwenye kila nyota angavu angani. Nyota zenye Ks kati ya 5 na 8 ndizo zinazofaa kwa kazi yetu.

Hatua ya 2: Chota namba, na usome bendera

Andika jina la nyota kwenye VizieR, weka duara la sekunde 10 za tao, chota. Nyota zilizo jirani zinasogea, na hapa wengi hujikwaa. Mahali pa Gaia DR3 ni pa mwaka 2016, pa AllWISE ni pa 2010, pa 2MASS ni kama 1999. Nyota inayosogea nusu sekunde ya tao kwa mwaka imehama sekunde 8.5 kati ya 2MASS na Gaia, na jirani yake aliyesimama pale pale anaweza kuchukua nafasi yake kwenye jedwali lako. Rudisha mahali nyuma kwa kutumia mwendo wa Gaia kabla ya kulinganisha.

Kisha soma bendera kabla ya kusoma magnitudi. Safu ya ccf ina herufi nne, moja kwa kila kichujio. Sifuri ni salama. D ni mwale wa nyota angavu iliyo karibu, P ni kivuli kilichobaki kwenye kipokezi, H ni mduara wa mwanga wa nyota nyingine, O ni mzimu wa kioo. Herufi kubwa maana yake kipimo chenyewe huenda si kitu, ndogo maana yake kitu kipo lakini kimechafuliwa. Safu ya qph inatoa ubora: A ni nzuri, U ni ukomo tu na si kipimo. Safu ya ex isipokuwa sifuri, kitu hicho hakifanani na nukta, na nyota inatakiwa iwe nukta.

Mimi huanza kwa kutupa kila nyota ambayo ccf yake si 0000. Unapoteza chache nzuri, lakini unalala usingizi.

Hatua ya 3: Kadiria nyota ikiwa peke yake

Ziada ni tofauti kati ya ulichopima na ambacho nyota tupu ingetoa, kwa hiyo makadirio ya nyota tupu yakiwa mabovu, kila kitu kinaharibika. Wataalamu hutumia modeli za angahewa za nyota. Ipo njia nyepesi ambayo mimi naiamini zaidi kwa anayeanza: ziache nyota zenyewe zikufundishe.

Kusanya nyota mia kadhaa zenye rangi sawa ya Gaia (rangi ni tofauti ya magnitudi za vichujio viwili). Kwa kila moja hesabu Ks kutoa W4. Kwa nyota za A hadi G jibu linakaribia sifuri, maana katika infraredi wote hawa wana mteremko karibu mmoja. Chora grafu ya nguzo. Utaona kilima, na kilele chake ndicho rangi ya nyota tupu, pamoja na upungufu wowote wa vipimo vya setilaiti ambao huhitaji hata kuujua.

Sasa tazama pande mbili za kilima. Upande wa kushoto ni nyota zinazoonekana kuwa na W4 pungufu. Hakuna vumbi linalopunguza W4, kwa hiyo wale wote wamefika huko kwa bahati ya vipimo tu. Bahati haina upendeleo, hivyo idadi hiyo hiyo imeangukia kulia pia. Ukiwa na nyota 4 zilizopita sigma 3 (mara tatu ya kosa la kipimo) kushoto na 11 kulia, tegemea kwamba takriban 4 kati ya hizo 11 ni za bure. Hili somo la kilima lina thamani kuliko modeli yoyote.

Hatua ya 4: Hesabu ziada

Tuchukue nyota ya mazoezi niliyoiunda mimi, ya aina ya Jua, yenye umbali wa parseki 50. W3 iliyopimwa ni 6.93 na kosa la 0.015, inayotarajiwa ni 6.96. W4 iliyopimwa ni 6.40 na kosa la 0.06, inayotarajiwa ni 6.95.

Geuza magnitudi kuwa janski, kizio cha mwanga unaotufikia. Kwa W3 zidisha 31.67 kwa kumi iliyopandishwa kwa (−0.4 × magnitudi). Kwa W4 tumia 8.36 badala yake. Utapata:

W4: iliyopimwa milijanski 23.0, inayotarajiwa 13.9, ziada 9.1. Kosa la magnitudi 0.06 ni kama milijanski 1.3. Ziada ikigawanywa kwa kosa inatoa 7. Sigma 7 ni kubwa.

W3: iliyopimwa 53.5, inayotarajiwa 52.1, ziada 1.4 au 1.5. Kosa la kipimo ni 0.7, lakini makadirio ya nyota tupu nayo yana kosa lake, tuseme asilimia 2, ambayo ni milijanski 1.0. Kwa pamoja (kwa mzizi wa jumla ya miraba) ni 1.3. Kwa hiyo ni sigma 1 tu, hatuwezi kudai kitu. Tunachoweza kusema ni kwamba ziada ya W3 haizidi milijanski 5 hivi.

Angalia jinsi kosa la makadirio lilivyo dogo kwa W4 (asilimia 2 ya 13.9 ni milijanski 0.3 tu) na kubwa kwa W3. Nyota ikizidi kung'aa, kosa la makadirio ndilo linaloamua. Watu huchukua kosa la katalogi peke yake wakajikuta na ziada za sigma 10 kila kona.

Hatua ya 5: Joto, umbali na wingi

Ziada mbili zinatoa uwiano, uwiano unatoa joto. Kwa kitu cheusi kamili, yaani kinachomeza mwanga wote na kung'aa kwa joto lake tu, mwanga wa mikromita 22 ukigawanywa kwa wa 12, katika janski, unakuwa 6.2 kwa joto la 150 K, 2.6 kwa 200 K, 1.5 kwa 250 K na 1.1 kwa 300 K. Nyota yetu ina 9.1 kwa 1.46, sawa na 6.2, yaani 150 K. Ila ziada ya W3 inaweza kufika 5.3, na hapo uwiano unashuka hadi 1.7, joto linapanda hadi kama 240 K. Andika hivyo: kama 150 K, isiyozidi 240. Usiandike 150 peke yake. Chini hatuna kikomo cha kuaminika. Kingetoka kwenye kipimo cha mikromita 70 cha Spitzer au Herschel, kama nyota hiyo ilipimwa.

Tahadhari moja: punje za madini ya silika zina mng'ao wao maalumu karibu na mikromita 10, na W3 inauchukua. Vumbi lenye punje ndogo za silika litaonekana lina joto kuliko lilivyo.

Umbali wa vumbi kutoka kwa nyota unapatikana hivi: gawa 278 kwa joto, jibu zidisha kwa lenyewe, kisha zidisha kwa mzizi wa pili wa mwangaza wa nyota ukilinganishwa na Jua. Kwa 150 K ni vizio astronomia 3.4 (kizio kimoja ni umbali wa Dunia hadi Jua), kwa 240 K ni 1.3. Kwetu sisi hapo ni kuanzia njia ya Mirihi kwenda ukanda wa asteroidi. Punje ndogo sana huwa na joto zaidi ya kitu cheusi, kwa hiyo vumbi halisi linaweza kuwa mbali zaidi ya hapo.

Wingi hupimwa kwa sehemu ya mwanga wa nyota inayomezwa na vumbi. Chukua ziada ya W4 gawa kwa nyota tupu (0.65), zidisha kwa joto la vumbi gawa kwa joto la nyota kwa kipeo cha 4, zidisha tena kwa uwiano wa vipengele vya Planck, yaani (e kwa kipeo cha 14,388 ÷ 22 ÷ joto la vumbi, toa 1) gawa kwa hesabu ile ile kwa joto la nyota. Kwa 150 K na 5,800 K jibu ni kama 0.0002.

Je, ni nyingi? Vumbi la mfumo wetu wa Jua ni kama 0.0000001, kwa hiyo nyota ya mazoezi ina vumbi mara elfu mbili ya letu. Na letu unaweza kuliona bila chombo chochote. Nenda Kigombe au ufukwe wowote wenye giza kwenye barabara ya Pangani, usiku usio na mwezi, kati ya saa kumi na saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Tazama mashariki, juu ya bahari. Utaona weupe hafifu uliosimama wima, mpana chini na mwembamba juu. Ni mwanga wa Jua unaoakisiwa na vumbi lililo kati ya sayari, na waswalihina wanaujua tangu zamani kama alfajiri ya uongo, ile ambayo mtu haachi daku kwa ajili yake. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo unasimama wima karibu mwaka mzima, jambo ambalo watu wa Ulaya hulisubiri kwa msimu.

Nilipoeleza haya kwa wanafunzi, binti mmoja wa kidato cha tano akauliza: "Mwalimu, kama nyota ina miaka bilioni, hilo vumbi si lingeshaisha?" Ndiyo, lingeshaisha. Mwanga wa nyota huziburuta punje, zikapoteza mwendo na kuzama kuelekea kwenye nyota. Kwa punje ndogo iliyo umbali wa vizio 3.4 safari hiyo inachukua kama miaka 9,000, na kwenye vumbi zito punje hugongana na kusagika kabla hata ya kufika. Kwa hiyo vumbi likionekana leo, kuna kitu kinalileta leo: asteroidi zinazosagana, nyotamkia zinazomiminika ndani, au mgongano mkubwa mmoja wa hivi karibuni.

Hatua ya 6: Jaribu kuiua ziada yako

Sasa geuka uwe adui wa nyota yako. Duara la W4 lina upana wa sekunde 12 za tao. Vumbi letu la vizio 3.4 kwa umbali wa parseki 50 lina upana wa chini ya sekunde 0.07 kutoka kwenye nyota. Chochote kilichomo ndani ya duara lile, galaksi ya mbali, nyota nyekundu ya nyuma, uzi wa wingu, kimehesabiwa kama mwanga wa nyota yako.

Fungua Aladin, weka W1, kisha W4 juu yake, uzibadilishe moja baada ya nyingine bila kusogeza picha. Katika W1 nyota ni nukta kali. Katika W4 inakuwa doa la pikseli chache lenye kingo laini. Weka alama kwenye kitovu cha kila doa. Kwenye nyota ya mazoezi ziada ni asilimia 40 ya mwanga wote wa W4. Kama ingekuwa inatoka kwa galaksi iliyo sekunde 5 pembeni, kitovu cha W4 kingevutwa asilimia 40 ya sekunde 5, yaani sekunde 2. Kwa kipimo chenye nguvu kama chetu kitovu kinajulikana kwa nusu sekunde hivi, kwa hiyo mvuto wa sekunde 2 ungeonekana wazi. Galaksi iliyo sekunde 1 pembeni isingeonekana kwa njia hii, na hiyo ndiyo sababu ya jaribio linalofuata.

Tumia mwendo wa nyota. Ikiwa inasogea sekunde 0.3 kwa mwaka, tangu picha za anga za miaka ya 1950 zilizomo kwenye ghala la picha la DSS imehama zaidi ya sekunde 18. Fungua picha hiyo ya zamani, weka alama mahali nyota ilipokuwa mwaka 2010. Pakiwa patupu, hakuna galaksi angavu nyuma yake. Pakiwa na doa, umeshampata mhalifu. Kwa anga la kusini kabisa picha za zamani ni za miaka ya 1970 na 1980, mwendo unakuwa mdogo lakini bado unafaa. Galaksi zilizojaa vumbi zinaweza kuwa hafifu kwenye mwanga wa kawaida, hivyo patupu si uthibitisho kamili.

Kisha hesabu uwezekano. Chora duara la nyuzi 1 kuzunguka nyota, hesabu vitu vya W4 vilivyo angavu kuliko ziada yako. Tuseme umepata 60. Duara la sekunde 6 ni sehemu 0.0000028 ya duara lile, kwa hiyo uwezekano wa kimoja kuangukia juu ya nyota yako ni 0.00017. Unajisikia vizuri? Subiri. Kama uliichagua kati ya nyota 500, zidisha kwa 500: 0.08. Kuna nafasi moja kati ya kumi na mbili kwamba mahali fulani kwenye orodha yako nyota moja imedanganywa na galaksi. Nyota za mbali zilizopimwa na setilaiti ya Kepler zilipochunguzwa hivi, ziada nyingi za WISE zilionekana kuwa ni uchafu wa nyuma.

Mawingu ya katikati ya nyota yanajulikana kwa nyuzinyuzi laini kwenye W3 na W4 zinazoendelea nje ya doa lako. Angalia pia RUWE ya Gaia, namba inayoonyesha kama mwendo wa nyota unafanana na wa nyota iliyo peke yake: ikizidi 1.4 huenda nyota ina mwenzake, na mwenzake baridi anaongeza infraredi kidogo bila vumbi lolote. Na angalia kama nyota ni changa mno, ya miaka milioni chache. Hizo bado zina diski za gesi zilizozaliwa nazo, mjadala tofauti kabisa.

Ukitaka kuzoesha jicho bila kuanza na jedwali lako, mradi wa Disk Detective, ulioanza Januari 2014, umewapa watu wa kawaida picha za WISE na nyinginezo wazichambue kwa macho hivi hivi. Kwa mfano halisi wa ziada isiyo na shaka, chota BD+20 307. Tofauti yake ya Ks na W4 ni magnitudi kadhaa, na hata W3 inaruka.

Hatua ya 7: Je, inabadilika?

Vumbi la mgongano mkubwa halitulii. Nyota TYC 8241 2652 1 ilikuwa na ziada kubwa machoni pa IRAS mwaka 1983. Kufikia 2010 vumbi lilikuwa karibu limetoweka, na mwandishi huyu hajaona maelezo yaliyomaliza ubishi. Kwa hiyo linganisha IRAS na WISE kila inapowezekana, ukikumbuka kwamba duara la IRAS ni kubwa zaidi na linakusanya majirani wengi.

Hazina kubwa zaidi ni NEOWISE, yaani WISE ileile iliyofufuliwa mwishoni mwa 2013 ikapima W1 na W2 hadi 2024. Kila nyota ina vipimo kila baada ya miezi sita hivi. Mwaka 2021 nyota ASASSN-21qj ilififia ghafla. Mpenzi wa anga asiye mtaalamu wa kulipwa akaenda kwenye data za NEOWISE, akakuta nyota hiyo ilikuwa imeongezeka mwanga wa infraredi karibu miaka 2 na nusu kabla. Makala ikatoka mwaka 2023 ikieleza kwamba huenda sayari mbili kubwa ziligongana, infraredi ikawa ni mabaki ya moto na kufifia kukawa ni wingu la vumbi likipita mbele ya nyota. Alichotumia ni data ile ile uliyonayo wewe.

Vumbi lililo karibu mno

Kwa vumbi hafifu kama la mfumo wetu, njia ya magnitudi inagota. Nyota na vumbi lake ni karabai ya wavuvi wa dagaa na cheche iliyoruka pembeni yake, na ukizipima pamoja, kosa la asilimia 2 la karabai linaimeza cheche. Hapa kinachohitajika ni kuizima nyota. Mwaka 1978 Ronald Bracewell alipendekeza kuunganisha mwanga wa darubini mbili mawimbi yakiwa yamepishana nusu, ili nyota iliyo katikati ijifute na kilicho pembeni kibaki. Darubini pacha ya LBT huko Arizona, yenye vioo viwili vya mita 8.4, ilitumia njia hiyo kwa nyota 38. Kwa nyota zinazofanana na Jua makadirio ya katikati yalikuwa kama mara 3 ya vumbi letu. Upande wa vumbi la moto zaidi, darubini za CHARA zilionyesha mwaka 2006 kwamba Vega ina ziada ya kama asilimia 1.3 hata penye mikromita 2. Na mwaka 2023 darubini ya James Webb ilionyesha mikanda ya ndani ya Fomalhaut, nyota ambayo Oktoba usiku unaiona juu sana ukiwa Raskazone.

Iliyosalimika

Nyota iliyopita yote haya itafute kwenye SIMBAD, orodha ya mtandaoni ya nyota na makala zake, fungua makala zilizoitaja. Mara nyingi utakuta ilishajulikana, na hilo ni jambo jema: maana yake hesabu zako ziko sawa. Isipokuwepo, andika jedwali lenye namba ya AllWISE, namba ya Gaia, magnitudi na makosa yake, bendera, ziada kwa milijanski, joto na mipaka yake, tofauti ya vitovu vya W1 na W4, uwezekano wa galaksi, na idadi ya nyota ulizopitia kabla ya kuifikia. Kwenye karatasi ya pili ya jedwali weka zilizokataliwa, kila moja na sababu yake, kwa sababu mtu wa kwanza atakayeisoma kazi yako atauliza ulianza na ngapi.